Kanzu Iliyomngoja Bessa

Imepokewa kutoka kwa wazee wa imani, nao waliipokea kwa waliowatangulia, habari ya mji mmoja wa Wakristo uliokuwa kando ya mto Nili katika nchi ya Nubia, zama ambazo wafalme wa huko walivaa msalaba. Mji wenyewe uliitwa Tamiti. Nawasimulia leo kwa sababu nimechoka. Ndiyo, nimechoka! Nikimkuta mtu amelewa jua halijapanda vizuri, ananiambia, "Mwalimu, ndivyo nilivyoandikiwa." Mwingine amemtelekeza mkewe na watoto, naye anainua macho juu na kusema, "Kudura ya Mungu hiyo, mwalimu." Wazee walisema jitihada haiondoi kudura, na mimi siigombi methali ya wazee. Nagombana na mvivu anayejificha chini yake. Shamba likistawi anasema, "Nimelima." Magugu yakijaa anasema, "Mungu hakupenda." Haya basi, kaeni vizuri mnisikilize.

Watu wa Tamiti walikuwa na desturi ya kubatiza mara moja tu kwa mwaka, alfajiri ya Pasaka. Wajane wa mji ndio waliofuma kanzu nyeupe za wabatizwa, na walizifuma mapema, mtu akiwa bado hajasema ndiyo wala hapana. Mjane alimpima mtu kwa uzi kutoka begani hadi kifundoni, akaketi kwenye kitanda chake cha kufumia, akafuma kwa kimo kile kile. Alfajiri ya Pasaka, jua likianza kuchomoza, kasisi aliiinua kila kanzu juu na kulitaja jina la mwenyewe mara moja. Mwenyewe akajibu, "Ni mimi," akashuka kwenye birika la ubatizo, akatoka humo akavikwa. Hadi hapo desturi ilikuwa njema, na aliyeianza Mungu amlaze pema.

Lakini binadamu hatuwezi kuacha kitu chema kikae kilivyo. Ilikuwa kanzu isiyopata mwenyewe hukunjwa ikangoja Pasaka nyingine. Ikikosa mwenyewe Pasaka ya tatu, mfumaji alipewa mkasi aikate palepale mbele ya watu iwe tambi za taa za kanisa. Mwanzoni, nadhani, walichoogopa ni nguo kuliwa na nondo. Miaka ilivyopita watu wakaanza kunong'ona kwamba aliyekatiwa kanzu hakuwa miongoni mwa wateule wa Mungu. Baadaye hawakunong'ona tena, walisema waziwazi. Mtu wa namna hiyo hakuitwa tena maishani mwake, na akifa alizikwa nje ya ukuta. Mwenyezi Mungu hakuwaambia neno hilo. Walilitoa kwenye mkasi.

Katika mji huo aliishi Bi Irini, mjane mfumaji, mwenye mtoto mmoja tu, kijana aliyeitwa Menna. Palikuwa na harusi, pombe ikawa nyingi, na Menna akagombana na kijana mwenzake aitwaye Bessa juu ya kibuyu cha kunywea. Kibuyu, jamani! Bessa akachomoa kisu. Menna akazikwa kesho yake, na wenye harusi wakageuka kuwa wenye msiba.

Sheria ya nchi ile ilimpa mama wa marehemu neno la mwisho, damu au rehema. Bessa alifungwa kwa kamba kwenye nguzo ya lango la kanisa, na mji mzima ukakusanyika. Bi Irini akamwendea taratibu, watu wakadhani atamtemea mate. Alipomfikia alitoa uzi kwenye upindo wa nguo yake.

"Simama wima," alimwambia.

Bessa akacheka kicheko cha mtu aliyekaukwa na mate. "Unanipimia sanda, mama?"

"Nakupimia kanzu ya ubatizo. Usipinde mgongo."

Hakimu akamwuliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Bi Irini, damu au rehema?"

"Nimekwisha kumpima, bwana hakimu," alijibu. "Na maiti habatizwi."

Basi Bessa akaachwa hai, akahukumiwa kutumikia mji kwenye sakia, lile gurudumu kubwa la kuteka maji ya mto linalozungushwa na maksai. Akawa anaswaga maksai mchana kutwa, huyo anazunguka na yeye anazunguka nyuma yake.

Msidhani Bi Irini alikuwa mtakatifu wa kuchorwa ukutani, mwenye uso wa maziwa. Alifuma akilia. Uzi ulimkatikia mara kwa mara, akaufunga fundo, akaendelea. Jina la Bessa hakulitamka kamwe, alisema "mtu yule" tu. Kasisi wao, Abuna Pafnuti, mzee msomi na mwenye huruma, alimtembelea akamwuliza, "Umemsamehe, binti yangu?"

"Sijui, Abuna," alisema. "Kifua changu kinawaka. Ila mikono imekubali kufuma, na mimi naifuata mikono."

Pasaka ya kwanza ikafika. Abuna akaiinua kanzu, akalitaja jina la Bessa. Hakuja kabisa. Bi Irini akaikunja kanzu, akaiweka, na siku iliyofuata akamfuata huko mtoni.

"Mbona hukuja?"

"Mama, unahangaika bure," Bessa alisema bila kusimamisha maksai. "Nikuulize. Mungu anaujua mwisho wangu au haujui?"

"Anaujua."

"Basi kwisha! Kama nimo katika wateule wake, atanichukua hata nikiwa nimelala. Kama simo, hata ufume mpaka vidole viishe, kazi bure. Mimi ni kama maksai huyu. Nimefungwa nira, nazungushwa."

Bi Irini akamtazama maksai. "Huyu sijamsikia akijitetea," alisema. Kisha akaketi juu ya jiwe, maana mambo haya hayazungumzwi wima. "Sikiliza. Mwanangu alipokuwa mdogo, nikimwekea uji na asali, nilijua ataanza na asali. Nilijua kabisa, nisingekosea. Lakini kujua kwangu hakukuushika mkono wake. Na mimi ni mama tu wa hapa Tamiti. Mungu amenizidi kwa kila kitu. Yeye hajui tu, ametangulia. Ameandaa na ameita. Kanzu yako niliipima ukiwa umefungwa kamba, hujatubu, hujaomba, hujatamka neno jema hata moja. Hukuistahili, nami nakwambia kweli tupu, sikutaka kuifuma. Hata hivyo ni yako. Haimtoshi mtu mwingine mji mzima. Ila sitakuja kukuvika kwa nguvu. Nikikuvika kwa nguvu, hiyo si kanzu tena, ni ile ile kamba."

Bessa akamchapa maksai.

Pasaka ya pili alikuja. Alisimama nyuma kabisa, penye lango, matope magotini. Abuna akalitaja jina lake, watu wote wakageuka kumtazama. Midomo yake ikatikisika, sauti haikutoka, akageuka akaenda zake. Wapo waliocheka. Bi Irini akaikunja kanzu kwa mara ya pili.

Akamfuata tena sakiani, na safari hii alikuwa amekasirika. Mtu mwema hukasirika, msiniambie vingine.

"Ulikuja hadi langoni ukanyamaza. Nani alikuziba mdomo?"

"Mungu hakunipa neno la kusema."

"Ehe! Siku ya harusi ulisema ni pombe. Mbele ya hakimu ulisema ni shetani aliyekuongoza. Leo unasema ni Mungu. Mwanangu yuko kaburini, na sijaona bado mtu aliyemwua! Lini utasema ni wewe?"

Bessa akaachilia fimbo. Maksai akasimama, gurudumu likaacha kulia, na maji kwenye mfereji yakapungua. Bi Irini akaondoka bila kuaga.

Naam, hapa wasomi wamekesha wakibishana tangu zamani, na hawajamaliza. Wako Wakristo wanaouinua juu uteule wa Mungu, wakisema asipotuvuta hatuji. Wako wanaouinua uhuru wa mwanadamu, wakisema asipokubali mtu, hakuna wa kumkubalia. Nimewasikiliza wote wawili, na mkiwatuliza kidogo wakanywa maji, wote hukiri kwamba neema ya Mungu hutangulia na kwamba mtu hujibu. Namna mambo hayo mawili yanavyokaa nyumba moja ni siri ya Mola, nami sina haya kusema sijui. Ila sikupata kumwona mtu aliyeokoka kwa kumsingizia Mungu.

Kwaresima ya mwaka wa tatu, Abuna Pafnuti alimjia Bi Irini kwa upole. "Binti yangu, usijitese tena. Huenda mtu yule hakuandikwa. Pasaka hii asipoitika utaikata kanzu yake, na Mungu atakupumzisha."

Bi Irini akasema jambo ambalo wengi wetu tungelificha. "Abuna, uliposema nitaikata, moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi kweli. Nilijiona nashika mkasi, naikata vipandevipande, na kila mtu ananiambia pole, umefanya sehemu yako. Furaha ile imeniogopesha kuliko kifo. Niombee."

Abuna akamwombea, akaondoka akiwa na mawazo mengi.

Alfajiri ya Pasaka ikawadia. Kanisa lilijaa mpaka nje, upepo wa mto unapiga nguo nyeupe zilizokunjwa juu ya meza. Majina yakatajwa moja moja, na kila mmoja akajibu, "Ni mimi," akashuka majini, na akina mama wakapiga vigelegele. Mwisho ikabaki kanzu moja. Abuna akaiinua.

"Bessa."

Watu wakageuka kutazama lango. Bessa alikuwepo, ameegemea nguzo ile ile aliyofungwa siku ya hukumu, safari hii bila kamba. Macho yake yalikuwa chini. Alisema mwenyewe baadaye kwamba magoti yake yalikuwa yakimwambia nenda, na kichwa kikimwambia ukienda utalazimika kumtazama mama yule machoni maisha yako yote. Hakusogea.

Shemasi akamletea Bi Irini mkasi kwenye sinia, kama ilivyokuwa desturi. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Angeukata ule uchungu uliomkaa tangu siku ya harusi, na aliyemwulia mwanawe angebaki nje ya ukuta, hai na maiti. Neno lilikuwa mkononi mwake.

Akauchukua mkasi. Akautazama. Akaurudisha kwenye sinia.

"Siikati," alisema.

"Bi Irini," Abuna alisema kwa sauti ya chini, "ni desturi yetu. Tumekwisha kumwita mara tatu."

"Tumemwita sisi, Abuna. Mungu amesema lini kwamba amechoka? Niliambiwa Mungu ndiye anayechagua, nami naamini. Basi mkasi huu mnanipa wa nini? Mtu akichelewa kuitika, sisi tunatangaza Mungu hamtaki. Nani katutuma? Mkono huu ni wangu, na hautakata."

Kisha akaichukua kanzu kutoka kwa Abuna. Akatembea nayo katikati ya watu, akasimama karibu na lango, akaiinua juu kwa mikono yake miwili. Na mwanamke yule, ambaye hakuwahi kulitamka jina lile tangu alipomzika mwanawe, akaliita kwa sauti iliyosikika hadi mtoni.

"Bessa!"

Bessa akainua uso. Machozi yalimtoka kama mtoto aliyepotea sokoni akasikia sauti ya mama yake. Akaanguka magotini, na akasema maneno ambayo watu wa Tamiti waliwafundisha watoto wao.

"Nisikieni wote! Nimekuwa nikisema Mungu hakunichagua. Nimemsingizia Mungu. Yeye hakunifungia mlango, mimi ndiye niliyekaa nje, kwa sababu sikuthubutu kumtazama mama huyu. Haikuwa pombe, haikuwa shetani, na Mungu hakuushika mkono wangu. Aliyemwua Menna ni mimi. Ni mimi, Bi Irini. Na anayeitwa sasa hivi, huyo pia ni mimi. Ni mimi! Usiikate, mama. Ni mimi!"

Jamani, mnajua vigelegele, lakini kama vile vya asubuhi ile havijawahi kupigwa tena. Wanaume wazima walilia. Bessa akapita katikati ya watu kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemvuta wala kumsukuma, akashuka birikani na matope yake yote. Abuna akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Alipotoka majini, Bi Irini ndiye aliyemvika. Ikamkaa sawasawa, begani hadi kifundoni. Akamfunga mshipi, akamwekea mkono kifuani, akasema, "Sasa nimesamehe. Nimelisikia neno hilo likitoka moyoni mwangu." Wakakumbatiana, na kengele za kanisa zikalia mpaka ndege wa mtoni wakaruka wote.

Abuna Pafnuti, aliyekuwa akilia pia, akamwuliza Bessa mbele ya watu, maana alikuwa msomi na msomi haachi kuuliza hata siku ya sikukuu. "Mwanangu, niambie. Umekuja wewe, au umeletwa?"

Bessa akafikiri. "Abuna, hatua ni zangu, nimezipiga mwenyewe, nilihisi uzito wa kila moja. Lakini pasipo ile sauti ningezipiga kwenda wapi? Nilikuwa nimesimama tu. Na sauti ile ilianza kuniita nikiwa kwenye kamba, wakati nilidhani napimiwa sanda. Kwa hiyo nimekuja, na nimeletwa, na sioni mahali pa kuyatenga."

"Basi usiyatenge," Abuna alisema.

Wakawa wanajiandaa kuanza wimbo wa Pasaka, ndipo ikasikika sauti nyembamba kutoka nje ya ukuta. Alikuwa bibi kizee aitwaye Dimyana, ambaye kila mtu alimjua kwa sura na hakuna aliyemjua kwa mazungumzo. Kila siku ya ibada alikaa chini ya dirisha la kanisa, upande wa nje, akisikiliza nyimbo. Akaingia akishikilia fimbo yake.

"Abuna," alisema, "na mimi je? Yangu ilikatwa zamani, nikiwa bado na meno. Mwaka wa kwanza nilikuwa na homa. Wa pili mume wangu alinifungia ndani. Wa tatu nilikuja, nikaona aibu, sauti ikagoma. Wakaikata. Niliamini Mungu hanitaki. Sikumlaumu, yeye ndiye mwenye nyumba. Lakini nyimbo zake nilizipenda, nikawa nakaa pale dirishani. Leo nimesikia huyu kijana ameitwa zaidi ya mara tatu. Nauliza tu, Abuna. Na mimi je?"

Abuna Pafnuti akatazama taa za kanisa zilizokuwa zikiwaka kwa tambi za kanzu, akautazama uso wa bibi yule. Akapiga magoti mbele yake, yeye mzee na kasisi, akamwomba msamaha kwa ajili yake na kwa ajili ya waliomtangulia. Kisha akasimama, akavua joho lake jeupe la ibada, lile la Pasaka, akalishika juu mbele ya mji wote.

"Dimyana!" aliita.

"Ni mimi!" bibi akajibu, na kwa nguvu aliyojibu nayo, fimbo ilimwanguka.

Bessa, mwenyewe akichuruzika maji bado, akamshika mkono akamteremsha birikani. Walipomvika, joho la Abuna likamzidi, likaburuzika nyuma yake kama la bibi harusi. Bi Irini akapiga magoti kulipinda upindo, akisema, "Vumilia, mama, kesho nitakupima nikufumie la kwako."

"Kesho ni mbali kwa umri wangu," Dimyana alisema. "Hili hili linanitosha."

Watu wakacheka na kulia pamoja. Ndipo wakaimba. Inasemekana wimbo ule ulisikika ng'ambo ya pili ya Nili, na wasafiri waliokuwa wakipita wakauliza ni mfalme gani ameingia mjini. Na mkasi ule ukapelekwa kwa wakata manyoya ya kondoo, ambako ndiko ulikostahili kuwa.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu alikupenda kabla hujajua kusimama, na neema yake ilikupima ulipokuwa bado kwenye kamba. Hilo lote limekwisha kufanywa, wala huwezi kuongeza uzi mmoja. Lakini hawezi mtu yeyote kuitika kwa niaba yako, si mama yako, si kasisi wako, si mimi mwalimu wako ninayekupigia kelele. Umetajwa kwa jina. Sasa mdomo ni wako.